Mnara Uliogeuza Shingo

Treni kutoka London ilikuwa bado haijapunguza mwendo nilipouona, nikadhani kasoro ni ya dirisha. Mvua ilikuwa imechora michirizi kwenye kioo, na kioo chenyewe kinene, kwa hiyo nikasogeza kichwa kushoto, kisha kulia, nipate mahali pasipodanganya macho. Hakikubadilika kitu. Juu ya mapaa ya mji ulichomoza mnara wa kijivu, mrefu, umepinda kiunoni na kujisokota shingoni, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma akageuka kabla miguu haijapata habari. Mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa akifumbua mafumbo ya gazeti. Hakuinua macho. Nilipomwonyesha kwa kidole alisema tu, "Ndiyo, tumefika," akaanza kutafuta mwavuli wake.

Chesterfield ni mji wa jimbo la Derbyshire, katikati ya Uingereza, uliokula na kuvaa kwa miaka mingi kutokana na makaa ya mawe na chuma. Nje ya stesheni amesimama George Stephenson wa shaba, yule fundi wa reli, aliyemalizia maisha yake hapa, akafa mwaka 1848 na kuzikwa katika kanisa la Holy Trinity la mji huuhuu. Mji mwingine wenye kaburi la mtu kama huyo usingezungumza jambo jingine. Hapa Stephenson ni mgeni wa heshima tu. Mwenye mji ni mnara. Umechorwa kwenye vibao vya maduka na vikombe vya kuuzia wageni, na timu ya mpira ya mji, inayojulikana kwa jina la Spireites, yaani watu wa mnara, imeuweka kwenye nembo yake hivyohivyo ulivyo, umepinda.

Niseme kilichonileta, kwa sababu si ibada wala si historia, ingawa zote mbili zilinikuta huko. Ni mlango. Nyumbani Dar es Salaam nina mlango wa mbele ambao fundi mmoja aliniapia kwa jina la mama yake kwamba mbao zake zimekaushwa miezi sita. Masika ya kwanza ukavimba, kiangazi kilipoingia ukajikunja, na tangu hapo kuufungua ni kuupiga bega. Baba yangu mdogo, seremala wa Tanga aliyestaafu lakini hajastaafu, aliukagua siku moja, akaupapasa kama daktari anayepapasa tumbo la mtoto, akatoa hukumu kwa maneno mawili: "Mbao mbichi." Niliposoma mahali kwamba Uingereza kuna kanisa ambalo kilele chake kilipinda kwa sababu mafundi walitumia mbao mbichi, nilijua siku nikipata nafasi nitakwenda kuliona. Nilitaka kujua ikiwa na wao walimwita fundi wakamfokea.

Kutoka stesheni ni mwendo mfupi wa kupanda. Nilipita kwanza sokoni, kwenye uwanja wa mawe wenye vibanda vya turubai. Wenyeji wanajivunia kwamba hati ya soko lao ilitolewa na Mfalme John mwaka 1204, na hadi leo watu wanauza humo matunda, soksi na simu zilizotumika. Muuza matufaha alinipimia kilo moja, akanirudishia chenji na kuniita bata. Nilidhani sikusikia vizuri. Mbele kidogo mama mmoja aliyenigonga na kigari cha mtoto naye akaniomba radhi, bata. Baadaye nilielewa kwamba ndivyo watu wa upande huu wanavyoitana kwa upole, mkubwa kwa mdogo, dereva kwa abiria, bila kujali kama wanafahamiana. Sisi tuna mwanangu, mpwa wangu, jirani. Wao wana bata. Siku ile niliitwa bata mara kumi na moja, na kufikia jioni nilikuwa nimeshazoea kuitika.

Kanisa lenyewe, la Mtakatifu Maria na Watakatifu Wote, ni kubwa kuliko kanisa lolote la parokia katika jimbo la Derbyshire, limejengwa kwa mawe ya rangi ya asali iliyoungua, na sehemu kubwa ya unayoyaona ni ya karne ya 14. Lakini nani anaangalia mawe? Mnara wa mraba wa mawe unapanda vizuri, umenyooka kama timazi, halafu pale ambapo jiwe linakwisha na mbao kuanza, akili inaondoka. Kilele kile cha mbao, kilichovikwa mabamba ya risasi, kinafika mita 69 kutoka ardhini. Njiani kimejisokota nyuzi 45, na ncha yake imekengeuka karibu mita tatu kutoka mahali ilipopaswa kuwa. Ukisimama upande wa soko unaona kinaelekea upande mmoja. Ukizunguka makaburini unaona kinaelekea kwingine. Nililizunguka kanisa mara mbili kwenye mvua na sikuwahi kuuona mnara uleule.

Zaidi ya hapo kuna ujanja wa macho. Mabamba ya risasi hayakulazwa wima. Yamelazwa mshazari, safu hii ikiinamia huku na safu ya pili ikiinamia kule, kama miiba inavyotoka kwenye uti wa samaki. Kilele kina pande nane, lakini kwa mlalo huo kila upande unaonekana kama umekunjwa katikati, nawe unahesabu kumi na sita. Mistari ile inapokutana na msokoto, mnara unaonekana kuzunguka hata wewe ukiwa umesimama tuli. Nikiwa chini yake nilikumbuka methali ya kwetu ya samaki mkunje angali mbichi, nikacheka peke yangu, maana huyu samaki alikunjika kweli, ila hakuna aliyemkunja kwa makusudi.

Mlangoni alinipokea bibi mmoja wa kujitolea, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Yeye ndiye angetupandisha mnarani, tulikuwa watu sita. Kabla ya hapo alituacha tutembee ndani. Kanisa la Kiingereza la zamani namna hii lina harufu yake: nta, vitabu vya nyimbo vilivyolala kwenye unyevu, maua ya juzi. Upande wa mashariki wamelala watu wa ukoo wa Foljambe, waliokuwa matajiri wa ardhi hapa, wamechongwa kwenye alabasta, mikono kifuani. Alabasta ni jiwe laini, linakubali kisu karibu kama sabuni, kwa hiyo mchongaji aliweza kuonyesha hata mikunjo ya nguo. Pua za baadhi yao zimelika. Karne tano za vidole vya watoto, nadhani.

Nilichokipenda kuliko makaburi yote hakikuwa kanisani bali katika makumbusho ya mji, nilikopita njiani: gurudumu kubwa la mbao lenye mhimili, winchi ya zama za kati inayoaminika ilitumika kupandisha mawe na mbao juu wakati wa ujenzi wa kanisa hili. Zana hizi zimebaki chache sana Uingereza. Kwa kawaida kazi ikiisha, kifaa kiligeuka kuni. Nilikaa nalo muda. Wafalme wana sanamu, maaskofu wana makaburi, na mtu aliyekuwa akizungusha gurudumu hili kutwa nzima ameacha sehemu iliyolainishwa na kushikwa. Nikalipiga picha na kumtumia baba mdogo kwa simu, pamoja na picha tatu za kilele.

Ngazi za mnara ni za mawe, nyembamba, zinazunguka hadi unapoteza dira. Tulipita chumba cha wapiga kengele, tukapita kengele zenyewe, kumi, zimetulia gizani kama ng'ombe zizini. Juu zaidi tukatokea kwenye paa la mnara wa mawe, na hapo, kwa mlango mdogo, bibi akatuingiza ndani ya kilele.

Kwa ndani hakifanani kabisa na kinavyoonekana nje. Nje kuna ngozi ya risasi, ya kijivu na safi. Ndani kuna msitu. Maboriti ya mwaloni yanapanda yakikaribiana, meusi kwa umri, yamefungwa kwa vigingi vya mbao na siyo misumari, na katikati yake zimepitishwa mbao nyingine za mafundi waliokuja baadaye, za rangi tofauti, kila kizazi na kiraka chake. Nilipoweka kiganja kwenye boriti mojawapo nilihisi makovu ya tezo, vijibonde vidogo vilivyofuatana kama nyayo za ndege kwenye tope. Aliyeyapiga alikuwa na mkono wenye mpangilio. Huyo hakuwa mlipuaji wa kazi. Nikayapiga picha makovu hayo na kumtumia baba mdogo nayo.

"Hiki kilele hakijafungwa kwenye mnara," bibi alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema hivyo mara elfu na bado anafurahia. "Kimekaa tu, kwa uzito wake." Mmoja wetu, kijana aliyekuja na mchumba wake, alirudi nyuma hatua moja kuelekea mlangoni.

Sasa tuje kwenye kesi. Kilele hiki kilijengwa miaka ya 1360 hivi. Tauni kuu ilikuwa imeingia Uingereza mwaka 1348 na kufagia watu kwa namna ambayo vijiji vingine havikuinuka tena. Kwa hiyo maelezo yaliyozoeleka ni haya: mafundi wenye ujuzi walikuwa wamekufa, waliobaki walikuwa wanafunzi, wakatumia mbao mbichi, wakasahau mbao za mshazari za kukaza, na kazi ikajikunja. Maelezo hayo yanapendeza kwa sababu yana huzuni na yana mkosaji. Mimi niliyapokea kwa mikono miwili, maana yalimtosha na fundi wangu wa mlango.

Tatizo ni kwamba maseremala wote wa zama zile walifanya kazi kwa mwaloni mbichi. Mwaloni ukishakauka unakuwa jiwe, unakula meno ya msumeno; waliuchonga ukiwa na maji yake, wakaufunga kwa vigingi, wakauacha ukaukie palepale kwenye jengo, ukijikaza viungo. Makanisa mengi yamesimama hivyo na hayajapinda. Mbao mbichi peke yake haitoshi kumtia mtu hatiani. Upungufu wa mbao za kukaza, ndiyo, hilo ni kosa la kweli, na viraka vya mafundi waliofuata vinakiri hivyo. Lakini kuna na shahidi mwingine, naye ni risasi. Wapo wanaosema kilele mwanzoni kilivikwa vigae vyepesi vya mbao na risasi ikaja baadaye. Iwe hivyo au isiwe, leo kimebeba takriban tani 33 za madini hayo. Na risasi ni kitu cha ajabu: ikipata jua inatanuka, usiku ikipoa hairudi yote ilikokuwa. Upande wa kusini unapata jua, wa kaskazini haupati. Basi kila kiangazi upande mmoja unavuta kidogo, mwingine umetulia, mwaka baada ya mwaka, na mlalo ule wa mshazari unausaidia msokoto. Jua la Uingereza, ambalo wenyeji wenyewe wanalalamika kwamba hawalioni, ndilo lililosokota mnara.

Simu ikalia mfukoni tukiwa bado ndani. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa baba mdogo; nikatoka nje kwenye paa kuusikiliza, upepo ukinipiga masikio. Nilimpigia papo hapo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hebu niambie, hiyo kofia yake ni bati?"

"Risasi, baba. Tani 33."

Kimya kidogo. Nilisikia randa ikiwekwa chini. "Basi msimlaumu aliyetengeneza kenchi. Mtu umemjengea kubeba ungo, wewe unamtwika gunia la saruji. Na huyo aliyepiga tezo ni fundi, nimemwona kwenye picha. Mwanafunzi hapigi hivyo."

Nilimwambia kwamba kilele kimesimama zaidi ya miaka mia sita. Akaguna. Kwa baba mdogo, mguno huo ni cheti.

Watu wa mji hawakungoja maseremala wa kuwaeleza. Wana hadithi zao, na bibi alitusimulia tukishuka, akisimama kila mzunguko wa ngazi ili avute pumzi na atupe kipande kinachofuata. Ya kwanza inatoka Bolsover, mji wa jirani. Shetani alikwenda kwa mhunzi wa huko kupigwa kwato viatu kama farasi. Mhunzi, kwa kutetemeka, akapigilia msumari kwenye nyama. Shetani akaruka kwa maumivu, akapita juu ya Chesterfield akirusha mateke, na teke moja likaupata mnara. Ya pili inasema alikuwa amekaa tu juu ya kilele, amejizungushia mkia apumzike, moshi wa ubani ukapanda kutoka ibadani, akapiga chafya. Mkia ulikuwa haujafunguliwa. Ya tatu ni ya utani na bibi aliisema akimtazama kijana na mchumba wake: siku moja alikuja bibi arusi aliye bikira kweli, mnara ukashangaa, ukageuka umtazame, ukabaki hivyo, na siku atakapokuja wa pili utanyooka. Kijana alicheka sana. Mchumba wake alicheka kidogo.

Angalia kwamba katika hadithi zote tatu hakuna seremala. Wameilaumu kwato, wameilaumu chafya, wamewasingizia mabibi arusi wa karne sita, lakini hakuna aliyesema fundi fulani wa mtaa fulani alilipua kazi. Mimi naona huo ni ustaarabu. Ubaya wa fundi umekuja kusemwa na vitabu, na waliovisoma kwa haraka, nikiwemo.

Jambo hili lilinikumbusha Mkunazini. Katika kanisa kuu la Waanglikana la Zanzibar, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, nyuma karibu na mlango kuna nguzo zilizosimamishwa vichwa chini miguu juu. Waongozaji hawakosi kuzionyesha. Husimuliwa kwamba Askofu Edward Steere, aliyekuwa akisimamia ujenzi kwa karibu kuliko msimamizi yeyote, alisafiri. Aliporudi akakuta mafundi wamezipandisha hivyo, naye akaziacha. Steere yuleyule aliyeandika sarufi ya Kiswahili alikuwa kabla ya hapo kasisi wa parokia ya Little Steeping, jimbo la Lincolnshire, ambalo si mbali na hapa. Sijui kama aliwahi kupita chini ya mnara huu. Lakini alitoka katika nchi ambako mtu anaweza kuhubiri kila Jumapili chini ya kitu kilichokosewa na asipoteze usingizi. Paa lake la zege la mawe ya matumbawe nalo wapo waliotabiri kwamba lingeanguka. Bado lipo.

Mnara wa Chesterfield nao ulikaribia kuondoka, na haikuwa kwa kupinda. Usiku wa tarehe 22 Desemba 1961, siku tatu kabla ya Krismasi, moto ulizuka ndani ya kanisa, upande wa kaskazini. Uliteketeza kinanda kilichoundwa na John Snetzler mwaka 1756. Mtu aliyekwisha kuingia ndani ya kilele kile anaweza kukamilisha picha mwenyewe: mwaloni wa karne sita, mkavu mno sasa, umezungukwa na tani 33 za madini yanayoyeyuka mapema kuliko madini mengine mengi ya ujenzi, na chini yake bomba la mawe la kuvutia hewa. Wazima moto waliuzuia kabla haujapanda. Bibi alikuwa binti mdogo wakati ule. Alisema kesho yake asubuhi mama yake alifungua pazia na kitu cha kwanza alichofanya ni kuangalia kama bado upo, umepinda. Alipouona ndipo akaweka chai jikoni.

Nilimuuliza swali ambalo nadhani kila mgeni anauliza, kama hakuna siku wamefikiria kuunyoosha. Alinitazama juu ya miwani.

"Ukishanyooka tutakuwa nani, bata?"

Aliniambia Ulaya kuna vilele vingine vilivyosokotwa, vingi vikiwa Ufaransa, na kwamba vina chama chao kabisa, wanatembeleana. Mingi kati ya minara hiyo imesokotwa tu. Wa kwao umesokotwa na kuinama vilevile. Alilisema hilo kama mtu anayetaja cheo cha mwanawe.

Treni ya jioni ilichelewa dakika ishirini. Mvua ilikuwa imekatika na jua la mwisho, lile jua lenye hatia, lilikuwa limeupiga mnara upande mmoja, risasi imegeuka rangi ya fedha. Nilihesabu pande kumi na sita tena, ingawa nilijua ni nane. Nilipokwisha kukaa, simu ikatikisika. Baba mdogo alikuwa ametuma ujumbe wa sauti wa pili.

"Nimewaonyesha vijana hapa karakana ile picha. Wote wanataka kujua huyo fundi alilipwa chake. Halafu sikiliza, ule mlango wako bado unakwama?"

Nikamjibu bado.

"Nikija Juni naleta randa," akasema.